Lilikotoka Jiwe la Marestone

Sura ya Sita

Uligeuza uso. Usikatae. Siku walipofika na kamba zao na vigingi vyekundu kupima uwanda mliokuwa mkilishia mbuzi na kuchezea mpira, wewe uliinama ukajifanya unafunga viatu. Ulisema hayo ni mambo ya wakubwa. Ulisema wana karatasi. Basi keti usome habari za watu waliochelewa kutazama lakini mwishowe wakatazama, tena watu wa Uingereza, nchi iliyotuletea kamba na vigingi. Maana usidhani walianza kwetu. Walianza kwao, kwa bibi zao wachunga bukini, na waliponogewa ndipo wakavuka maji.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Mei, mwaka 1974. Sajini Ivor Pardoe, mpelelezi aliyetumwa kutoka makao ya polisi ya jimbo, alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa la kijiji cha Marestone tangu saa mbili asubuhi, akinusa jiwe. Sisemi kwa mafumbo. Pua yake ilikuwa imegusa jiwe.

Shauri lenyewe ni jepesi kulieleza na ni zito kulibeba. Marestone ina malisho ya wote, ekari arobaini za nyasi zinazoanzia kwenye bwawa na kushuka kusini. Yeyote wa parokia ana haki ya kulisha hapo mpaka afike kwenye mpaka, na mpaka ni jiwe moja la kijivu, urefu wa mtoto wa miaka kumi, lenye msalaba uliochongwa kichwani. Kila mtu alijua jiwe liko mbali huko kusini, ndani ya kichaka cha miiba kilichoshuka kutoka bwawani kwa karibu nusu maili. Kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyekwenda kulitazama. Mwezi wa Machi, Kapteni Aubrey Clere, mwenye jumba kubwa na mashamba yote ya upande ule, aling'oa kichaka chote, akasawazisha udongo, akapanda nyasi mpya. Mwezi wa Aprili jiwe likaonekana limesimama kando ya bwawa, kaskazini kabisa, karibu na nyumba za watu.

Mpaka ukiwa bwawani, ekari arobaini ni za Kapteni. Ramani ya zamani ilikuwa imeliwa na panya kwenye pembe ile ile ya jiwe. Na mimi katika maisha yangu sijapata kusikia panya aliyekula pembe ya tajiri. Kamishna wa ardhi angekaa Alhamisi saa nne kusikiliza na kukata neno. Na Dorcas Gwilliam, mjane wa miaka sabini na tisa, mwenye bata bukini thelathini na kibanda cha mawe katikati ya malisho, alikwisha kupokea barua ya wakili: ahame kabla ya Juni kwisha.

Pardoe alinyanyua pua. Akatoa daftari.

Kitu cha kwanza alichoandika kilihusu kuvumwani inayoota juu ya mawe. Upande wa jiwe unaotazama kaskazini, usiopigwa na jua, ndio huota manyoya ya kijani. Jiwe hili lilikuwa limeota manyoya upande wa kusini, na upande wa kaskazini lilikuwa kavu kama kisigino. Kitu cha pili kilihusu kina. Alichimbua kwa mwiko wa bustani, akakuta jiwe limezikwa shubiri moja na nusu tu. Watu wa kale, wakisimamisha jiwe la kukaa miaka mia saba, huzika theluthi. Akaingiza mkono chini, akapapasa, akawasha tochi, akalaza shavu kwenye matope. Kitako cha jiwe kilikuwa kimevunjika, na palipovunjika palikuwa peupe kama mkate uliomegwa asubuhi hiyo.

Jiwe lilikuwa limeng'olewa kwa nguvu mahali fulani, na mguu wake ulibaki ardhini.

Kapteni Clere alimkuta akijifuta shavu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuzungumza na farasi. Pardoe alimwuliza kwa adabu zote kama jiwe limeguswa wakati wowote anaoukumbuka. Kapteni akasema halijaguswa tangu enzi za babu yake. Pardoe akamwomba alirudie polepole, akaliandika, akamsomea, akampa kalamu. Kapteni akatia sahihi akiwa amesimama, daftari juu ya goti, kama mtu anayetia sahihi risiti ya maziwa. Ndipo Pardoe alipomwonyesha manyoya ya kijani na weupe wa chini.

Kapteni hakubabaika hata kidogo. Alitazama malisho yake, maana machoni pake yalikwisha kuwa yake, akatabasamu.

"Haya, Sajini. Kama lilitoka kwingine, nionyeshe lilikotoka. Ekari arobaini hizo hapo. Una jembe?"

Akaondoka. Na hapo ndipo penye shida. Mguu wa jiwe hauliwi na panya, lakini huwezi kufukua nusu maili ya nyasi mpya kwa siku moja na nusu.

* * *

Pardoe alianza na jina, kama ambavyo mtu yeyote aliyesoma kidogo angeanza. Katika Marestone, nusu ya pili ya jina, stone, haina ugomvi: ni jiwe, na wote wanakubali. Ugomvi uko kwenye nusu ya kwanza, mare, na ni ugomvi mtamu, wa kurithishana, watu wamenuniana kwa ajili yake tangu kabla ya reli.

Kapteni alikuwa na mtaalamu wake, mzee wa chuo kikuu aliyelipwa kuandika kurasa tisa kwamba nusu ile ni bwawa. Jiwe la bwawa, basi jiwe lilikuwa bwawani daima. Kasisi Septimus Crane alisema upuuzi, ni Maria, Mama wa Bwana. Jiwe lilikuwa la kanisa lake, na kwa miaka kumi na minne amekuwa akilitafutia tundu lake nyuma ya makaburi, akapata beseni la kuogea. Reuben Tudge, mwenye baa, alisema waulize farasi. Baa yake inaitwa Farasi Jike, na kibao chake kina farasi jike mwekundu aliyekaa kitako, kwa sababu, alisema Reuben, farasi jike wa mtakatifu fulani alifika hapo, akagoma, akakaa, akageuka jiwe. Alijua na mahali. Ni nyuma ya baa yake, kwenye njia ya choo.

Pardoe alichimba nyuma ya baa. Usimcheke, mpelelezi asiyechimba anapoambiwa chimba ni karani. Baada ya saa moja jembe liligonga mfupa. Wazee wote wa baa wakatoka na bilauri zao za pombe ya matofaa. Ukatoka mfupa mwingine, kisha kwato, kisha kiatu cha chuma, na kwa dakika kama tano kijiji kizima kiliamini kimempata farasi wa mtakatifu. Halafu mke wa Reuben, Olive, akatoka jikoni akifuta mikono, akatazama shimoni, akasema, "Huyo ni Duchess. Alivuta gari la maziwa la baba. Tulimzika wiki mfalme alipovishwa taji."

Walifukia Duchess kwa heshima, kofia mkononi. Wakanywa kwa ajili yake pia.

Mwalimu wa shule, ambaye Pardoe alizungumza naye ukutani mwa shule kwa dakika tatu, alimpa maana ya nne: katika lugha ya kale ya huko, neno lile ni mpaka. Jiwe la mpaka. Pardoe alilipenda jibu hili kuliko yote, akaliandika, akaona mara moja kwamba halimsaidii. Ndiyo, ni jiwe la mpaka. Hata Kapteni hakatai. Swali ni mpaka uko wapi. Maana nne, na mguu wa jiwe umelala ardhini kimya, haujui kama unaitwa Maria au farasi.

Basi akaliacha jina, akageukia watu waliowahi kuliona jiwe mahali pake.

* * *

Kijiji kile kilikuwa na desturi, nayo ilikuwa ya wakati ule ambapo maskini hawakuwa na ramani. Kila mwaka, wiki ya sala za mashamba, parokia nzima ilitembea mpaka wake kwa miguu, na kwenye kila jiwe waliwakamata watoto, wakawageuza miguu juu kichwa chini, wakawagonga utosi kwenye jiwe. Si sana. Kiasi cha kukumbuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa masjala yao ya ardhi: utosi wa mtoto. Mtoto aliyegongwa akiwa na miaka saba, ukimwita mahakamani akiwa na sabini, atakuambia jiwe liko wapi. Baba yake Kapteni aliifunga njia mwaka 1927 akaweka kufuli, na watu wakasema ana karatasi, wakarudi nyumbani. Sahau wewe. Mimi mwaka huo siusahau.

Pardoe aliwahoji wazee wa kiume, mmoja mmoja, kwenye chumba cha nyuma cha baa, mlango umefungwa. Wa kwanza alikuwa Albert Beddoes, fundi wa kuezeka mapaa ya nyasi, wa miaka sitini na sita, mwenye vidole kama mizizi. Pardoe hakumwuliza jiwe lilikuwa wapi. Kila mtu alijibu swali hilo kwa kuonyesha kusini kwa mkono mzima. Alimwuliza aliona nini alipokuwa kichwa chini.

Albert alifumba macho. Alikaa hivyo mpaka Pardoe akadhani amelala.

"Kanisa," alisema. "Limepinduka. Na lina pembe. Pembe moja, katikati ya mnara, inaning'inia."

Pembe? Albert hakujua. Alikuwa na miaka minane na damu yote iko masikioni. Lakini ilikuwa katikati kabisa, hilo aliapa.

Wengine watatu walisema pembe. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Pardoe alitoka nje, akatazama kanisa kutoka njiani, akaona mnara, na mbali nyuma yake, mjini, dohani refu la kiwanda cha pombe ya matofaa. Akacheka peke yake. Ukisimama mahali panapofaa kusini, dohani linajipanga nyuma ya mnara na kuchomoza juu yake. Hatua chache kushoto, pembe inahamia sikioni. Hatua chache kulia, vivyo hivyo upande wa pili.

Akaenda kwenye malisho. Ili asidanganywe na macho yake mwenyewe aliamua kutazama kama walivyotazama wao: aligeuka, akapanua miguu, akainama, akatia kichwa kati ya magoti. Hivyo ndivyo mtumishi wa sheria alivyozunguka malisho ya Marestone alasiri ile, kinyumenyume, tai ikimpiga usoni, akichomeka vijiti. Ng'ombe wa jirani walijipanga kwenye wigo kumtazama.

Ilipofika saa kumi alikuwa na mstari. Ulikuwa mstari mzuri, ulionyooka kama uzi wa mwashi, kutoka bwawani hadi mwisho wa nyasi mpya. Na ndivyo alivyojua kwamba ameshindwa. Mahali popote juu ya mstari ule kanisa lina pembe. Alikuwa amepunguza ekari arobaini zikawa uzi, lakini uzi wenyewe ulikuwa na urefu wa nusu maili.

Alikuwa bado ameinama aliposikia bukini. Bukini wa Marestone hawabweki kama mbwa, wanashutumu. Thelathini walimzunguka, na nyuma yao, kupitia kati ya magoti yake, aliona viatu vya mpira, sketi, na mwanamke mfupi aliyesimama juu chini.

"Umepoteza nini huko nyuma, Sajini?" aliuliza Dorcas Gwilliam.

Pardoe alinyooka. Alimweleza yote, kwa kuwa alikuwa mwenye malisho: manyoya, mguu, pembe, mstari. Dorcas alisikiliza kwa utulivu mpaka alipofika kwenye orodha ya mashahidi. Hapo akashika mwimo wa lango, akacheka hadi bukini wakanyamaza.

"Umemwuliza Albert," alisema. "Umemwuliza Reuben, na yale mazee mengine mawili ya baa."

"Ndiyo, Bibi."

"Na sisi tuligongwa na nini? Mikate?"

Nataka usome mstari huo tena. Sajini Pardoe alikuwa mtu mwema, mwenye akili, aliyenusa jiwe kwa haki. Alipotaka kujua ardhi ni ya nani, aliwauliza wanaume. Kamishna angewauliza wanaume. Mtaalamu wa chuo aliandika kurasa tisa, na hakuna mwanamke hata mmoja ndani yake isipokuwa Maria, naye kwa ajili ya kumpinga. Wewe pia ungefanya hivyo, na usiniambie ungefanya tofauti.

Pardoe alivua kofia. Alimwomba Dorcas amweleze.

Wasichana, alisema Dorcas, waligongwa baada ya wavulana. Ukimgeuza msichana miguu juu, sketi inakwenda inakokwenda, na kasisi yuko pale na kitabu chake. Basi mama zao walishika blanketi kubwa la farasi kati yao na wanaume wote waliosimama upande wa kanisa. Kanisa hawakuliona kabisa, waliona blanketi. Wakawageuza wasichana watazame upande wa wazi, upande wa mlima.

Sajini aligeuka akatazama mlima, kisha kanisa. Mlima uko mashariki. Kanisa liko kaskazini.

"Uliona nini?" aliuliza. Dorcas alifungua mdomo, na Pardoe, kwa taabu kubwa, akainua mkono kumzuia. "Usiniambie. Usimwambie mtu yeyote. Wako wangapi bado, waliogongwa?"

Walikuwa watatu. Dorcas mwenyewe, Olive Tudge wa baa, na Hepzibah Lacon, mshona nguo wa zamani, aliyekuwa na miaka themanini na mbili na hajakubaliana na Olive juu ya jambo lolote tangu vita.

* * *

Jumatano asubuhi aliwaketisha katika vyumba vitatu vya nyumba ya kasisi, mapazia yamefungwa, kasisi mwenyewe akilinda ukumbini na sahani ya keki. Kila mmoja alipewa karatasi na penseli. Chora ulichokiona, kama ulivyokiona.

Karatasi zilirudi baada ya robo saa. Hepzibah alichora vizuri, Olive alichora kama mtoto, Dorcas alichora hata bukini. Lakini mlima ulikuwa ule ule, umening'inia kutoka juu ya karatasi, na katikati yake penye tandiko, pale mgongo wa mlima unapobonyea, palikuwa na kitu cha mviringo kilichotumbukia sawasawa kama yai kwenye kikombe chake. Ulikuwa mnara wa njiwa wa jumba la Kapteni mwenyewe, uliosimama shambani kwake tangu miaka mia tatu iliyopita. Alikuwa ameng'oa kila mti na kila kichaka kilichoweza kutoa ushahidi. Njiwa hakuwafikiria.

Sasa Pardoe alikuwa na mistari miwili, na mistari miwili hukutana mahali pamoja tu. Angeweza kwenda peke yake akapatafuta. Lakini kesho yake wakili wa Kapteni angesimama na kusema polisi alijichagulia mahali. Alitaka mashahidi waseme, mmoja mmoja, bila kuonana. Tatizo ni kwamba mwanamke wa miaka themanini na mbili hainamishwi kichwa kati ya magoti.

"Leteni toroli," alisema Dorcas.

Likaletwa toroli la Albert, la mbao, lenye gurudumu la chuma, likatandikwa mito ya kanisani. Dorcas alilala chali ndani yake, sketi imefungwa kwa mshipi wa Reuben, kichwa kikining'inia nje kando ya gurudumu, upande wa mlima, nywele nyeupe zikifagia nyasi. Albert alishika vipini. Pardoe alitembea pembeni na daftari. Wakaanza bwawani, wakafuata uzi wa vijiti kuelekea kusini, na bukini thelathini nyuma yao kama wasindikizaji wa bibi harusi. Kijiji kizima kilikuwa ukutani. Walikatazwa kusema neno, na walijitahidi.

Mnara wa njiwa ulikuwa mbali kulia mwa tandiko la mlima. Toroli likaenda. Mnara ukaanza kusogea, polepole, ukikaribia tandiko. Dorcas alimwambia Albert kwamba anasukuma kama anayeiba. Albert akamjibu kwamba mwaka 1915 yeye Dorcas alikuwa mwepesi zaidi. Walikuwa wamefika robo tatu ya uzi wa vijiti, juu ya nyasi mpya, Dorcas aliponyamaza. Uso wake ulikuwa mwekundu kama tofaa.

"Polepole," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtoto, akimwita Albert kwa jina la utotoni, "Hapo. Simama, Bertie. Hapo ndipo."

Pardoe alichomeka kigingi chini ya utosi wake, akakifunika kwa kofia, na kofia akaifunika kwa nyasi. Akatawanya nyasi nyingine hatua ishirini mbele na ishirini nyuma.

Olive alikuja wa pili, akifumba macho mpaka alipolazwa. Alisimamisha toroli hatua moja kutoka kigingini. Hepzibah alikuwa wa mwisho. Alisukumwa akipitishwa kigingi, na Pardoe akahesabu. Hatua tatu. Nne. Hepzibah akauliza kama Albert amekuwa kiziwi, kwa kuwa amekwisha kumwambia arudi. Akarudishwa. Simama. Kidogo tena. Simama. Utosi wake ulikuwa juu ya kofia ya polisi.

Aliponyanyuliwa, akaambiwa kwamba yeye na Olive wamekubaliana, alisema basi Olive atakuwa alichungulia.

Walichimba saa saba mchana. Albert alikata majani ya nyasi mpya akayakunja kama zulia. Chini yake palikuwa na udongo mwekundu wa shambani, umemwagwa juu ya udongo mweusi. Chini ya mweusi, mawe madogo yamepangwa duara, kama mtu apangavyo mawe ya kushika nguzo. Na katikati ya duara, kimekaa imara kama jino, kipande cha jiwe la kijivu, juu yake peupe.

Albert alivua kofia, ndipo wote wakavua.

Kapteni Clere alikuwa amefika akiwa juu ya farasi. Alisema jiwe ni jiwe, nchi imejaa mawe. Pardoe hakubishana. Aliwaomba wanaume sita watoe kile kipande, wakakipakia kwenye toroli, na msafara ukarudi bwawani, Kapteni nyuma akilazimika kufuata. Wakalilaza jiwe ubavu. Wakasogeza mguu. Viliingiana kama taya la juu na la chini, hata mshipa mwembamba wa rangi ya chai ulitoka katika kimoja ukaendelea katika kingine bila kukatika.

Pardoe alifungua daftari. Alisoma kwa sauti ya wazi, na sahihi na tarehe: halijaguswa tangu enzi za babu yangu. Alimwuliza Kapteni kama angependa kuongeza neno. Kapteni alisema angependa kumwona wakili wake. Pardoe aliandika na hilo pia, akamwomba aeleze, kwa wakati wake, nani alikuwa na trekta mwezi wa Machi. Kapteni aligeuza farasi. Walimwachia njia, bukini tu ndio waliokataa.

Jiwe lilirudishwa mahali pake kabla ya saa kumi na moja jioni, mguu chini, mwili juu, manyoya yakitazama kaskazini. Pombe ya matofaa ilikuja kwa ndoo. Maelezo ya mashahidi, ya kumpelekea kamishna kesho yake, yaliandikwa palepale juu ya ubao wa toroli, na safari hii Pardoe alianza na wanawake. Dorcas alitia sahihi kwa herufi kubwa, akairudia chini yake, endapo moja ingepotea. Kasisi alitaka kujua sasa tuseme jina lina maana gani, Maria au mpaka, na Dorcas akamwambia maana yake ni mahali pa kugongwa kichwa, na aketi anywe.

Kisha akauliza nani ni mdogo kuliko wote pale. Wakahesabu. Watoto walikuwa wamekwisha kuitwa nyumbani kula, vijana wako kiwandani. Aliyekuwa mdogo ni Sajini Ivor Pardoe, miaka arobaini na mitatu.

Alisema yuko kazini. Hawakumsikia. Reuben alishika mguu mmoja, Albert wa pili, Olive na Hepzibah wakamshika kila mmoja bega, kwa mara ya pili siku hiyo wakiwa na nia moja. Sarafu na funguo zikamwagika, na mpelelezi wa jimbo akaenda juu chini mbele ya parokia nzima. Utosi wake ukagusa jiwe. Wakamgonga mara ya pili, upande wa mlima, ili awe shahidi kamili.

"Umeona nini?" Dorcas aliuliza, ameinama mbele ya uso wake.

"Pembe," alisema Pardoe, machozi ya kicheko yakimtiririkia kwenye paji la uso. "Na yai kwenye kikombe."

"Basi usife mapema."

Sasa wewe. Kuna mwanamke mmoja mtaani kwako, tena unamjua, anayejua kisima cha shule kilikuwa wapi kabla ya ukuta, na mti wa mwisho wa uwanja wa soko, na njia ya maziko waliyoiziba. Ana miaka themanini. Hujawahi kumwuliza, kwa sababu uliwauliza wanaume, au hukumwuliza mtu. Usingoje Jumapili. Funga kitabu hiki, chukua daftari na kalamu, mpelekee sukari, mwulize aliona nini akiwa mtoto, na alikuwa amesimama wapi. Andika kama anavyosema. Atie sahihi au dole gumba, na wewe chini yake. Kisha mshike mkono mwende naye hadi hapo mahali, leo hii, kungali mchana.